Dondoo muhimu: Kuanza na R katika misitu ya Londiani

Londiani, Kaunti ya Kericho, ndiko kiliko Chuo cha Misitu cha Kenya. R, programu ya takwimu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, haina malipo, na vipimo vya miti ni mazoezi mazuri kwa anayeanza.

• Apime kipenyo cha shina mita 1.3 kutoka ardhini. Kila mti upewe mstari wake kwenye jedwali.

• Ahifadhi jedwali kama CSV. Kipimo kikikosekana, aandike NA wala si 0, kwani sufuri hushusha wastani.

• Akishaliingiza jedwali kwenye R na kuiita safu ya vipimo kipenyo, achore kwanza kwa hist(kipenyo). Msonobari wa sentimita 250 huenda ni 25.0 iliyopoteza nukta.

• Ndipo atafute wastani: mean(kipenyo, na.rm = TRUE). Bila na.rm, NA moja tu huzuia jibu.

• Amri zote azihifadhi kwenye faili, mwenzake aweze kurudia hesabu.