Kumwuguza Mwenye Ugonjwa wa Tumbo



Mara nyingi mwalimu wa kanisa huitwa nyumbani kwa mgonjwa ili aombe. Afikapo, amkuta mtoto amelala karibu na moto, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mama asema: «Mwalimu, nimemnyima maji, maana kila anywapo yatoka tena.» Je, mwalimu aombe tu, kisha aende zake? Hasha! Na aombe, lakini tena akumbuke yule Msamaria wa Luka 10. Yeye alifanya kazi tatu: alitunza jeraha, akamchukua mgonjwa mpaka mahali pa kuuguzwa, akatoa fedha yake. Basi, kwa kazi hizo tatu twataka kujifunza leo.

Kazi ya kwanza: kutunza jeraha. Jeraha la mwenye kuhara ni kukaukiwa, kwa kuwa maji na chumvi ya mwili vyatoka. Hakuna mtu wa mlimani aufungaye mfongo kwa sababu migomba yake imenyauka. Mbona basi tumnyime maji mtoto aliyenyauka? Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi kule India. Dawa ya kutia mishipani ikapungua. Ndipo daktari Dilip Mahalanabis alipowanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na jamaa zao wakasaidia kuwanywesha. Vifo vikapungua, kutoka karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100 hata chini ya 4.

Dawa hiyo yapatikana katika pakiti zahanatini na madukani. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama pakiti haipo, twaa maji safi lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usizidishe chumvi, maana yadhuru. Kila aharapo, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo kikombe hata nusu kikombe. Mkubwa kuliko huyo apewe nusu hata kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Anyonyaye aendelee kunyonya. Alaye apewe chakula chepesi mara kwa mara. Mtori laini usio na mafuta mengi wafaa. Zahanatini aombewe vidonge vya zinki, avimeze siku 10 hata 14 ijapo kuhara kumekoma. Tena mwuguzaji anawe mikono kwa sabuni kila amsafishapo mgonjwa, na kabla ya kugusa chakula, ili ugonjwa usiwaenee watu wa nyumba. Maji ya mfongo yasinywewe bila kuchemshwa.

Wengine husema mtoto aharaye ana «meno ya plastiki», nao humkata ufizi na kuyang'oa. Hayo ni meno yake ya kweli yasiyotokeza bado. Mtoto hupoteza damu, na pengine hufa kwa jeraha lile. Walimu, lionyeni jambo hili waziwazi.

Kazi ya pili: kumchukua mgonjwa. Asingojewe mtoto asiyeweza kunywa, atapikaye kila kitu, mwenye damu katika choo, aliyelegea hata haamki vema, au ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa yarudi polepole. Njiani azidi kunyweshwa, akiwa aweza kumeza. Pale Moshi hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Lakini hospitali haiwezi kumponya aliyekwisha kufa njiani kwa kiu.

Watu wazima nao wasifiche maumivu yao. Vidonda vya tumbo havitokani na mawazo tu. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua kijidudu kiletacho vingi vya vidonda hivyo, na leo vyaponyeka kwa dawa za daktari. Mwenye vidonda asimeze aspirini wala diklofenaki bila shauri lake. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, apelekwe siku ile ile. Kadhalika yule ambaye chakula chamkwama kooni, akawa hawezi ila uji, asikae miezi akijaribu dawa za majani. Saratani ya umio yaonekana sana katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, na kuchelewa ndiko kunakowaondolea wengi matumaini.

Kazi ya tatu: kutoa fedha. Nyumba nyingi huchelewa, si kwa ujinga, bali kwa kukosa nauli, nazo huona haya kusema. Mwalimu aulize kwa upole, na wazee wa usharika waweke akiba kwa ajili hiyo.

Maswali ya kujifunza pamoja:
1. Kwa nini si vema kumnyima maji mtoto aharaye?
2. Taja dalili tano za kumpeleka mtoto hospitali upesi.
3. Katika mtaa wetu, usiku wa manane, nani atamchukua mgonjwa, na nauli itatoka wapi? Swali hili lisiachwe bila jibu.