SOMO: GHARAMA ZA KUTENGENEZA JIKO LA MKAA

Katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, miezi ya Juni na Julai ni mikavu: mchana jua, usiku baridi. Jiko la mkaa hutumika kwa kupikia na kuota moto, lakini wengi huahirisha kulitengeneza kwa kuchelea gharama. Basi na tupige hesabu.

Chungu cha udongo kilichomo ndani ya bati ndicho kinachohifadhi joto. Kikipasuka, hasa kwa kumwagiwa maji kingali na moto, joto hupotea na mkaa huisha upesi. Mathalani, fundi akitaka shilingi 6,000, na ufa ukiteketeza mkaa wa ziada wa shilingi 300 kila siku, fedha hizo hurudi kwa siku 20. Bati likiwa limeoza, ni heri kununua jiko jingine.

Hata hivyo, jiko lililotengenezwa vyema nalo hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu usingizini. Kwa hiyo wananchi wanakumbushwa kutolala na jiko chumbani. Ufa wa jiko uzibwe, dirisha lisizibwe.