Somo la Jumamosi: Kati ya Kibao na Kibao



Leo tunajifunza kusimulia maisha ya mtu. Tutamtumia mwimbaji ambaye wengi wetu tuliolelewa Kenya tulimsikia kabla hatujajua Marekani iko upande gani: Don Williams, mwimbaji wa muziki wa kantri. Kwetu Molo baba alikuwa na kanda moja ya vibao vyake. Ilichezwa kila Jumapili baada ya kanisa, na ilipojikunja ndani ya redio tuliirudisha kwa kalamu. (Watoto, waulizeni wazazi wenu kanda hurudishwaje kwa kalamu. Watafurahi kuwaonyesha.)

Maneno ya leo

Kibao (vibao): wimbo uliopendwa na wengi. Angalieni, kibao pia ni kofi, na kibao cha mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi.
Mkusanyiko: vitu vilivyowekwa pamoja. Mkusanyiko wa vibao ni nyimbo bora za mwimbaji katika kanda au santuri moja.
Mtunzi: anayeandika wimbo. Si lazima awe ndiye anayeuimba.
Wimbo, nyimbo: tunasema wimbo huu, nyimbo hizi, wimbo wake, nyimbo zake. Darasani bado nasikia "wimbo hizi". Tuache.

Maisha kwa -KA-

Tunapopanga matukio moja baada ya jingine, tunaanza na -li- kisha tunaendelea na -ka-. Someni kwa sauti:

Don Williams alizaliwa tarehe 27 Mei 1939 mjini Floydada, Texas. Akajifunza gitaa. Miaka ya 1960 akaimba na kundi la Pozo-Seco Singers. Akaenda Nashville. Mwaka 1974 akapata wimbo wake wa kwanza kufika namba moja kwenye chati ya kantri, "I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me". Ukafuata "You're My Best Friend" mwaka 1975, kisha "Tulsa Time" mwaka 1978, kisha "I Believe in You" mwaka 1980. Kwa jumla nyimbo zake 17 zikafika namba moja. Mwaka 2010 akaingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Akafariki tarehe 8 Septemba 2017, akiwa na miaka 78.

Hakuna uongo hapo. Ndivyo mkusanyiko wa vibao unavyosikika: kibao, kibao, kibao. Ukiusikiliza unadhani mtu huyu aliamka kila asubuhi akashinda. Hiyo ndiyo kazi ya -ka-. Inaruka kutoka jiwe hadi jiwe, na maji yaliyo katikati huyaoni.

Maisha kwa ALIKUWA AKI-

Kwa yale maji ya katikati Kiswahili kina njia nyingine: alikuwa akifanya, alikuwa akingoja, alikuwa akitafuta. Hapa jambo halijaisha, na msikilizaji anakaa ndani yake. Tumrudie mwimbaji wetu.

Kundi lake lilipovunjika, hakufika Nashville kama nyota. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya nyimbo ya Jack Clement, akitunga nyimbo na kutafuta waimbaji wa kuzirekodi. Alianza kutoa nyimbo kwa jina lake mwenyewe mwaka 1972, kwa hiyo hata baada ya kuanza alikuwa akingoja ile namba moja hadi 1974.

Chukueni pia "Amanda", uliotungwa na Bob McDill. Don Williams aliutoa mwaka 1973 na haukupanda juu. Mwaka 1979 Waylon Jennings akaufikisha namba moja. Wimbo ni ule ule. Kwenye kanda ya baba "Amanda" ulikaa katikati ya vibao vingine, na sisi hatukujua kwamba mwenyewe alikuwa ameushika mkononi kabla haujawa mali ya mwingine.

Tena, chati hizo zilihesabu Marekani. Hazikuhesabu sebule za Molo. Mwaka 1997 Don Williams aliimba Harare, Zimbabwe, na onyesho hilo likatolewa kama filamu inayoitwa "Into Africa". Watu waliompenda huku kwetu walikuwa wakimngoja miaka yote hiyo, na namba 17 haiwaonyeshi.

Kwa wazazi

Kwa nini mwalimu anawasumbua na sarufi hii? Mwezi jana binti yangu aliandika habari za mama yake kwa zoezi la shule hii: "Mama alizaliwa Molo, akamaliza sekondari, akaja Virginia, akawa nesi, akanunua nyumba." Hakuna kosa hata moja, nilimpa alama zote. Kisha nikakaa jikoni nikaona nimemlea mtoto kwa mkusanyiko wa vibao. Sijawahi kumwambia kwamba mtihani wa leseni niliufeli mara ya kwanza. Nilikuwa nikilala kwenye kochi la watu hapa Alexandria, nikisoma usiku baada ya kuosha wazee mchana kutwa, na kila Jumapili nilikuwa nikimpigia baba simu kumwambia mambo ni mazuri.

Baba naye alinifanyia vivyo hivyo. Najua vibao vyake: alipata kazi, akaoa, akajenga, akatusomesha. Kati ya kuacha shule na kupata ile kazi kuna miaka sita. Alikuwa akifanya nini? Alikuwa akila wapi? Sikuuliza alipokuwapo, na sasa amelala. Kanda yake ninayo. Jibu sina.

Watoto wetu hapa wanaanguka pia, wanafeli hesabu, wanakosa timu. Wakisikia vibao vyetu tu, watadhani kuanguka ni kwao peke yao. Na wakitusikia tukisimulia magumu kwa Kiingereza na sherehe kwa Kiswahili, watadhani lugha yetu ni ya sherehe tu.

Zoezi la nyumbani

1. Sahihisha: (a) Wimbo hizi ni tamu. (b) Nyimbo yake ilifika namba moja. (c) Vibao hii ni ya zamani.

2. Geuza sentensi hii itumie -li- na alikuwa aki-: "Akaenda Nashville, akatunga nyimbo." Mfano: "Alipokwenda Nashville alikuwa akitunga nyimbo." Toa mfano wako mwingine.

3. Muulize mzazi, babu, bibi au jirani swali moja tu: "Ulikuwa ukifanya nini kati ya ... na ...?" Jaza nafasi kwa vibao viwili unavyovijua tayari. Sikiliza bila kumkatiza. Andika sentensi sita, tatu kati yake ziwe na alikuwa aki-.

Wazazi, mkiulizwa, msirukie kibao kinachofuata. Jibuni kwa Kiswahili hata kama mtoto anakamata nusu tu, nusu nyingine tutaimalizia darasani. Kama kuna jambo hutaki lisomwe mbele ya watu, mwambie mtoto aandike lingine. Hilo libaki lenu.

Mwenye kanda ya zamani na redio inayoicheza alete Jumamosi. Kalamu nitaleta mimi.