SOMO LA KUJIFUNZA: TUSI, UKATILI NA UBAGUZI

Masomo: 2 Samweli 16:5–13 na 19:18–23, Matendo 6:1–6, Esta 3:1–6.
Shabaha: Kutambua ubaguzi wa kweli, ili tusimshitaki mtu bure wala tusifunike dhambi iliyo wazi.



Neno "ubaguzi" limekuwa jepesi vinywani mwetu. Mtu akizomewa sokoni husema, "Wananibagua." Akijibiwa kwa ukali zahanati husema, "Huu ni ukabila." Lakini mwingine aliyenyimwa haki yake kweli kwa ajili ya kabila lake huambiwa, "Huo ni utani tu, vumilia." Makosa haya mawili ni ndugu. La kwanza humshitaki mtu kwa dhambi ambayo hakuitenda. La pili hufunika dhambi iliyotendwa. Mganga asiyepima, akampa kila mwenye homa dawa ya malaria, wengine hatawaponya.

1. Tusi lisilo ubaguzi

Shimei alimfuata Daudi njiani akimlaani na kumtupia mawe na mavumbi. Maneno yake yalikuwa makali sana, lakini yalimhusu Daudi mwenyewe na mambo ambayo Shimei alidhani Daudi ameitendea nyumba ya Sauli. Lilikuwa tusi, nayo ilikuwa chuki. Baadaye Shimei aliungama, naye Daudi akamsamehe. Tusi la namna hii huponywa kwa toba na msamaha kati ya watu wawili.

Utani wa makabila yetu nao una desturi zake. Mtani hutania naye hutaniwa. Na ukifiwa, mtani wako huja kukusaidia kazi za msiba. Mzaha usioweza kujibiwa, au wa mtu ambaye hatakuja msibani kwako, umekwisha kutoka katika utani.

2. Ubaguzi usio na tusi

Katika Yerusalemu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatusomi kwamba mtu aliwatukana. Chakula hakikuwafikia, basi. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakutosheka na kuomba radhi. Walitaka wachaguliwe watu saba, na majina yote saba tunayoyasoma ni ya Kiyunani. Yaani kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu ambao wasingewasahau wajane wale.

Wazee wetu waliyaona yote mawili. Zamani za ukoloni watu wengi wa Buha walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Nyapara Mwafrika aliyewatukana na kuwapiga alikuwa mkatili, na ukatili wake haukuwa mdogo. Lakini hakuwa amewabagua kwa rangi, maana rangi yao ilikuwa moja. Ubaguzi ulikuwa mahali pengine, katika mishahara na nyumba zilizopangwa kwa rangi ya mtu. Vivyo hivyo kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 zilikuwapo shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika mbalimbali. Mwalimu wa shule ya Wazungu huenda alikuwa mpole, asiyetukana mtu hata siku moja. Lakini mtoto wa Mwafrika hakuingia darasani mwake.

3. Chuki inapohama kutoka kwa mtu kwenda kwa taifa

Hamani alikasirika kwa sababu Mordekai hakumsujudia. Hapo ilikuwa ghadhabu juu ya mtu mmoja. Lakini alipoambiwa Mordekai ni wa taifa gani, aliona ni jambo dogo kumwangamiza yeye peke yake. Akataka kuwaangamiza Wayahudi wote. Hapo ndipo chuki ya kawaida ilipogeuka kuwa ubaguzi.

Majirani zetu wa Rwanda waliipita njia hiyo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwaandikia watu vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Katika miaka ya 1960 neno "inyenzi", yaani mende, lilitumika kwa wapiganaji waliovuka mpaka. Baada ya mwaka 1990 gazeti la Kangura, na tangu 1993 redio ya RTLM, waliwabandika Watutsi wote jina hilo, hata bibi kizee na mtoto mchanga. Mwaka 1994 kitambulisho kilionyeshwa kizuizini, na neno lililoandikwa humo likaamua nani afe. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na gazeti na redio hizo. Hawakuhukumiwa kwa kukosa adabu. Maneno yao yalikuwa yamewaondoa watu katika hesabu ya wanadamu.

4. Maswali matatu ya kupimia

La kwanza: Je, mtu huyu angetendewa hivi kama angekuwa wa kabila letu? Ikiwa mhudumu huwafokea wote, huo ni ukali, naye aonywe kwa ukali wake.

La pili: Je, anaweza kuepuka jambo hili kwa kubadili mwenendo? Mwizi aweza kuacha wizi. Hakuna awezaye kuacha kuzaliwa.

La tatu: Je, pana mlango uliofungwa? Tazama kazi, shamba, hati, dawa, ndoa, au kiti cha baraza la kanisa.

5. Hapa kwetu

Kibondo na Kasulu tumewapokea Warundi mwaka 1972, 1993 na 2015, na Wakongo tangu 1996. "Mkimbizi" ni neno la sheria wala si tusi. Lakini mahindi yakiibwa usiku, na kabla ya kumjua mwizi tukasema, "Warundi ndio wezi," tumekwisha kushika njia ya Hamani. Wizi ni wizi, ashitakiwe aliyeiba.

Nasi Waha tunajua uchungu wake. Kwa miaka mingi watu wa Kigoma wamelalamika kwamba husimamishwa safarini na kuulizwa uraia, kwa kuwa Kiha chafanana na Kirundi. Askari akikagua hati za abiria wote, anafanya kazi yake, hata kama hana maneno matamu. Akimshusha mmoja tu kwa sababu ya lafudhi yake, huo ni ubaguzi, hata akimwita "mzee wangu". Basi lile tunalolichukia barabarani tusilitende kisimani.

Kutofautisha si kupunguza. Ukatili waweza kuumiza mwili kuliko ubaguzi wa kimya. Bali dawa zake ni mbalimbali. Aliyetukana aombe radhi. Aliyepiga azuiwe na kuadhibiwa. Aliyebagua hatoshi kuomba radhi. Lazima aufungue mlango alioufunga, kama walivyofanya wale wa Yerusalemu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Taja jina moja tunalowaita watu wa kabila jingine. Je, wao hulicheka pia? Nani amewahi kuwauliza?
2. Katika kanisa letu, nani husahauliwa pasipo kutukanwa? Nani hugawa, na nani huhesabu?
3. Mzazi akikataa posa kwa sababu kijana ni Mrundi, tumwambieje? Na akikataa kwa sababu kijana ni mlevi?
4. Mtu akilalamika kwamba amebaguliwa, nasi tukapima tukaona ametukanwa tu, tutamsaidiaje pasipo kumdharau?