Kihariri cha Bure Nacho Kina Gharama

Natengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo hapa Dar es Salaam kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na intaneti yangu ni bando la simu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue kihariri gani cha kuandikia msimbo. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Usitenge hela ya leseni. Visual Studio Code ya Microsoft ni ya bure. Notepad++ na Geany vilevile. Sublime Text huuzwa dola 99, lakini muda wake wa majaribio hauna ukomo. Utakachovumilia ni kidirisha kinachochomoza kila baada ya muda kukukumbusha kulipa. WebStorm nayo, tangu Oktoba 2024, ni bure kwa asiyeitumia kibiashara. Mimi nalipwa na wateja, kwa hiyo ruhusa hiyo hainihusu, na wewe ukianza kulipwa haitakuhusu.

2. Gharama yenyewe iko kwenye RAM. VS Code imejengwa juu ya Electron, maana yake ndani yake mna injini ileile ya Chromium inayoendesha Chrome. Ukiifungua, kisha ukafungua Chrome ili uone tovuti inavyotokea, ni kama umewasha vivinjari viwili, na Windows yenyewe ilishachukua fungu lake. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski. Kama diski yako ni ile ya zamani ya kuzunguka, utabonyeza herufi na kusubiri itokee.

Ndiyo maana natumia vihariri viwili. Mradi mkubwa wa JavaScript naufungua kwa VS Code, kwa sababu uwezo wake wa kunionyesha makosa kabla sijaendesha msimbo sijaupata kirahisi kwingine. Ukurasa mmoja wa HTML na CSS naumaliza kwa Geany, ambayo hufunguka papo hapo. Na ukiwa na akiba kidogo, mpelekee fundi laptopu akuongezee RAM au akuwekee SSD. Hakuna kihariri kitakachokupa nafuu ya namna hiyo. Ila muulize kwanza kama RAM ya mashine yako inachomoka, maana kwenye laptopu nyingi nyembamba RAM imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja.

3. Viendelezi vinakula bando na RAM pamoja. Wageni wa VS Code husakinisha kila wanachokiona kikisifiwa, pamoja na rangi za kupambia skrini. Emmet, inayofupisha uandishi wa HTML, imo tayari. Mimi nimebaki na Prettier ya kupanga msimbo na Live Server ya kuonyesha upya ukurasa kila nihifadhipo. Masasisho ya kiotomatiki nimeyazima; nayafanya nikipata Wi-Fi. Kiendelezi kinaweza pia kuja kama faili la VSIX kwenye flashi ya rafiki, na hapo hutumii hata MB moja.

4. Washa kuhifadhi kiotomatiki. Betri ya mtumba na umeme wa kukatika havina subira.

5. Vihariri navyo hufa. Adobe iliacha kuihudumia Brackets Septemba 2021. Atom ya GitHub ilifungwa Desemba 2022, na wengi hawakushangaa: Microsoft ilikuwa imeinunua GitHub mwaka 2018, na VS Code ilikuwa tayari mkononi mwake. Basi kanuni za kupanga msimbo ziweke ndani ya mradi, kwenye faili la .editorconfig, ambalo vihariri vingi hulisoma. Ukihama, zitahama nawe.

6. Jifunze Vim kidogo, hata kama huipendi. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa mwaka 1991 na kuiendeleza hadi alipofariki mwaka 2023. Hakuiuza, aliwaomba wanaoifurahia wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, alikowahi kujitolea. Utaikuta kwenye seva nyingi za Linux, na kwa kuwa inafanya kazi kwa maandishi matupu kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, bando dogo linaitosha. Mimi najua i ya kuanza kuandika, Esc ya kuacha, :wq ya kuhifadhi na kutoka, na :q! ya kutoka nikiwa nimevuruga mambo. Mteja akipiga simu usiku kwamba bei imekosewa kwenye tovuti, hizo zinatosha.