Kumtwika Mnyama Asiyeweza: Ibra ya Njia ya Ruvuma

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama akawatiisha kwa wanadamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Katika Sura ya Nahli, aya ya 7 na ya 8, Mwenyezi Mungu anawakumbusha waja wake kwamba wanyama huwachukulia mizigo mpaka miji ambayo wao wenyewe wasingeifikia illa kwa mashaka. Kisha anataja farasi na baghala na punda, kwamba ni wa kupandwa na ni pambo. Neema hii ni amana, na kila amana ina hesabu yake. Somo hili ni katika jambo moja la amana hiyo: kumtaka mnyama kazi nzito naye hakutayarishwa kwayo, au ni mgonjwa, au ana njaa, au amekaa siku nyingi bila ya kazi.

MAFUNZO YA MTUME (S.A.W.)

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar khabari ya mashindano ya farasi Madina. Farasi waliotayarishwa walishindanishwa kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, masafa ya maili tano au sita. Wasiotayarishwa walikimbia kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zureki, maili moja tu au kadiri yake. Na kutayarisha huko, kwa Kiarabu tadhmiri, ni kumlisha farasi mpaka anenepe, kisha kumpunguzia chakula kidogo kidogo mpaka kadiri imtoshayo, na kumfunika nguo atoke jasho, hata nyama ikaze na pumzi iwe ndefu.

Basi na atazame mwenye akili. Farasi wote wawili ni farasi, na huenda yule asiyetayarishwa ndiye mnene na mzuri zaidi wa kutazamwa, lakini Mtume (S.A.W.) hakuwapa masafa mamoja. Kila mmoja alipewa kadiri yake.

Na Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimpita ngamia ambaye mgongo wake umeshikana na tumbo kwa njaa, akawaonya watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema, na akaamrisha wapandwe wakiwa wazima, na waliwe wakiwa wazima. Sharti ya uzima imetajwa wazi. Asiyekuwa mzima hapandwi.

YANAYOMPATA MNYAMA

Waganga wa wanyama wameyaeleza madhara haya kwa urefu. Farasi akizoezwa, moyo wake na nyama zake hupata nguvu kwa muda wa majuma. Lakini kano za miguu na mifupa hukawia, hutaka miezi. Kwa hiyo mwenye farasi huweza kudanganyika: humwona hatweti, akadhani yu tayari, kumbe miguu haijawa tayari. Akimkimbiza, kano hukatika, na farasi huwa kilema.

Kadhalika farasi aliyepumzika siku kadha wa kadha, naye akilishwa nafaka kwa wingi kama siku za kazi, akitolewa ghafula kwa kazi nzito huweza kupatwa na ugonjwa wa nyama kukakamaa. Hutoka jasho, hukataa kwenda, na mkojo wake huwa mweusi mfano wa kahawa. Huyo akilazimishwa kwenda huweza kufa. Na katika joto la pwani, mnyama atokaye jasho hupoteza maji pamoja na chumvi. Asiponyweshwa na kupumzishwa kivulini, mwili hushika moto na moyo hulemewa. Na mnyama mkonde, asiye na nyama mgongoni, tandiko humchubua hata jeraha likaingia ndani.

IBRA YA MIKINDANI NA RUVUMA

Mwezi wa Machi mwaka 1866 Mwingereza David Livingstone alitoka Unguja, akashuka Mikindani, akakusudia kwenda bara kwa njia ya bonde la Ruvuma, kusini ya uwanda wa juu wa Wamakonde. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Kihindi 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alitaka kujua kama ngamia na nyati wataweza kustahimili mbung'o, ambaye kwake farasi na ng'ombe hufa.

Wanyama hao walikuwa wametoka katika safari ya bahari, na njia ilikuwa msitu wa kukatwa kwa shoka. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa kuwatunza waliwatwika kupita kiasi na kuwapiga kwa fimbo hata wakajaa majeraha. Kabla ya kwisha Julai, wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Na Livingstone aliandika kwamba hakuweza tena kujua ni kipi kilichowaua, mbung'o au mikono ya watu. Hata ndama wa nyati askari walimchinja wakamla, kisha wakasema ameliwa na chui milia wa Kihindi. Walipoulizwa kama waliiona milia yake, wakajibu ndiyo, na mnyama huyo hapatikani kabisa katika bara ya Afrika. Dhulma kwa mnyama ilivuta uwongo nyuma yake.

Mwaka 1895 David Bruce alibainisha katika nchi ya Wazulu kwamba nagana, ugonjwa uenezwao na mbung'o, hutokana na vijidudu viingiavyo katika damu. Na imejulikana kwamba mnyama mwenye vijidudu hivyo huzidi kudhoofika akichoshwa na akinyimwa chakula. Basi fimbo haikumponya mgonjwa, ilimharakisha.

Ibra ya pili ni ya Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Mwaka 1917 vita vilipiganwa katika nchi za Lindi, Masasi na Newala, hata tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Wajarumani lilipovuka Ruvuma. Farasi na baghala walioletwa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu, kwa mbung'o, na maradhi, na njaa, na kazi isiyo na kupumzika. Walipokwisha wanyama, mizigo iliwekwa juu ya vichwa vya watu, na wapagazi nao wakafa kwa maelfu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Anayejizoesha kutohesabu nguvu za mnyama, hukaribia kutohesabu nguvu za mwanadamu, na Mtume (S.A.W.) amekataza hata mtumwa kukalifishwa kazi inayomshinda.

HUKUMU YAKE

Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu kisomwacho sana pwani, ametaja kwamba ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha; akikataa, hulazimishwa amlishe au amuuze, au amchinje ikiwa ni katika waliwao. Na wanazuoni wa Kishafii wamesema si halali kumtwika mnyama mzigo asioweza kudumu nao.

Na mwenye kukodi mnyama kwa ratili 100, akamtwika 110, atalipa ujira wa mfano wa zile 10. Mnyama akifa kwa sababu hiyo, naye mwenyewe hakuwapo, mkodi atamdhamini mzima. Akiwa mwenyewe yupo, atadhamini sehemu ya ziada. Basi na ajue mchukuzi kwamba ratili 10 zaweza kumgharimu punda mzima hapa duniani, kabla ya hesabu ya Akhera. Na sheria ya nchi ya Tanzania ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008 nayo imewalinda na mateso.

Atasema mtu: Punda ni mali yangu, nami ni maskini. Hujibiwa: Mali ni ya Mwenyezi Mungu, nawe ni mchunga tu. Na asiye na punda illa mmoja ndiye mwenye haja zaidi ya kumhifadhi, kwani huyo akifa, nani atakayechukua mzigo wa kesho?

KADIRI YA KUFUATA

Mtu wa Lindi au Mikindani akitaka kumpeleka punda aliyekaa bandani mpaka Chidya, katika nchi ya Masasi, na ajue kwamba mbele yake ni kilomita zaidi ya 100, na kwamba juu ya uwanda wa Wamakonde maji ni shida. Na amzoeze kwanza kwa majuma, akianza na mzigo mwepesi na masafa mafupi. Na atazame kwato, mgongo na mbavu kabla ya kumtandika. Akimsimamisha, na asikilize pumzi: isipotulia baada ya kitambo, kazi imezidi. Akisita, akitetemeka, akichechemea au akikataa kula, na ashushe mzigo papo hapo, amwekee maji. Na ampumzishe wakati wa jua kali.

Mnyama hana ulimi wa kushitaki mbele ya kadhi. Lakini Bwana wake anasikia, naye ndiye Mbora wa mahakimu.

Wallahu aalam.