Itikio la Darasa Si Ushahidi wa Kuelewa: Mazungumzo ya Mkufunzi na Mwanachuo

Katika mazoezi ya kufundisha, yaani kile kipindi ambacho mwanachuo wa ualimu hupelekwa shuleni afundishe chini ya uangalizi wa mwalimu mlezi, hakuna imani inayoharibu kazi kama ile isemayo kwamba darasa likiitikia "Yes, madam" kwa sauti moja, basi somo limeeleweka. Imani hiyo imeenea katika shule za sekondari za Tanzania, na imeendelea kustawi hata baada ya mtaala wa mwaka 2005 kutaka mwanafunzi apimwe kwa umahiri, yaani kwa yale anayoweza kuyatenda mwenyewe. Mazungumzo yafuatayo, baina ya mkufunzi mstaafu wa somo la Kiingereza na mwanachuo anayefundisha Kidato cha Pili katika shule ya kata, yanakusudia kuing'oa.

Mwanachuo: Shikamoo, Mwalimu.

Mkufunzi: Marahaba, binti. Somo la leo lilikwendaje?

Mwanachuo: Lilikwenda vizuri sana. Mada ilikuwa matumizi ya "since" na "for". Hatua zote za andalio la somo zilifuatwa, tangu utangulizi hadi hitimisho, zana zilikuwepo, na dakika 40 zilitosha. Wanafunzi walishiriki kwa nguvu, na walipoulizwa kama wameelewa, wote waliitikia.

Mkufunzi: Hatua, zana na muda ni mambo ya mwaka wa kwanza chuoni, hayana haja ya mjadala. Neno linalohitaji mjadala ni hilo "wote". Ilijulikanaje kwamba wote wameelewa?

Mwanachuo: Kwa sababu hakuna aliyekaa kimya, Mwalimu. Liliposemwa "Since shows the starting...", darasa zima lilimalizia "point!"

Mkufunzi: Hapo ndipo walimu wanapojidanganya, vijana kwa wazee. Hilo linaweza kuitwa swali la kujazia: mwalimu husema sentensi karibu yote, hupandisha sauti mwishoni, kisha huacha neno moja au silabi moja ili darasa limalizie. Izingatiwe kinachotokea wakati huo. Wanafunzi wachache wa mbele, wanaokumbuka neno lililotajwa muda mfupi uliopita, huanza kulitamka. Waliobaki husikia sauti ya kwanza ya neno hilo na kuidaka kabla halijaisha. Na sikio la mwalimu aliyesimama ubaoni haliwezi kutenganisha aliyeanza na aliyedaka. Ni kama kiitikio cha ngoma, ambacho mgeni aliyefika jioni hiyohiyo hukipokea vizuri bila kujua manju anaimba habari ya nani, kwa kuwa kiitikio kimetungwa ili kila mtu akiweze.

Mwanachuo: Lakini aliyedaka neno naye amelisema, na akilisema mara nyingi atalielewa.

Mkufunzi: Atalizoea, binti, na kuzoea sauti hakumpi mtu uwezo wa kutunga sentensi. Yafunguliwe hayo madaftari.

Daftari la kwanza lilikuwa la mwanafunzi aliyesifiwa kwa kuitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko safi, "My father has worked in Moshi since three years", na chini yake, "We have lived here since long time". Daftari la pili na la tatu yalikuwa na kosa hilohilo, na yote matatu yalikuwa yamenakili kanuni ya ubaoni bila kukosea hata herufi.

Mwanachuo: Wamenakili kanuni sawasawa, halafu wameivunja mstari unaofuata!

Mkufunzi: Kosa lenyewe lina sababu. Mtoto amezoea kusema baba yake anafanya kazi Moshi "tangu miaka mitatu iliyopita", na hilo ni Kiswahili sahihi, kwa sababu "iliyopita" huufanya muda uwe na mwanzo. Anapovuka kwenda Kiingereza hubeba "tangu" na kuliacha hilo "iliyopita" nyuma. Jambo hili lingejitokeza mapema kama darasa lingetakiwa kutunga sentensi, lakini lilitakiwa kumalizia "point", na "point" imefunika kila kitu.

Mwanachuo: Ndiyo maana waliulizwa pia, "Do you understand?"

Mkufunzi: Hilo ni baya zaidi, na linagusa adabu kabla halijagusa sarufi. Mtoto aliyelelewa vyema hamwambii mkubwa wake mbele ya watu kwamba maneno yake hayakueleweka, kwa maana huko ni kama kumshtaki kuwa ameshindwa kazi. Akiulizwa kama ameelewa, hujibu ndiyo kwa heshima ileile anayoitumia kuamkia. Mwalimu anayeuliza hivyo kila siku humfundisha mtoto kusema uongo kwa upole, kisha mwisho wa muhula humlaumu kwa kufeli. Na ikiwa katika shule hiyo anayekosea huchekwa au huchapwa, heshima huungana na woga, na hapo hakuna atakayejibu hapana hata kidogo.

Mwanachuo: Wataalamu wa elimu wamelizungumzia?

Mkufunzi: Wamelizungumzia zamani. Sinclair na Coulthard wa Birmingham walieleza mwaka 1975 kwamba mazungumzo mengi ya darasani huwa na sehemu tatu: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutoa mrejesho. Sasa, sehemu ya pili ikiwa ni kiitikio tu, lile "Very good" la sehemu ya tatu hulipigia muhuri jambo ambalo halijapimwa. Naye Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za Marekani na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu walipungua, na waliodhaniwa wazito walianza kuchangia. Hao walijibu kwa lugha yao. Mtoto wa Kidato cha Pili anayetafuta neno la Kiingereza anahitaji muda huo zaidi.

Mwanachuo: Darasa lina wanafunzi 70, Mwalimu. Haiwezekani kumuuliza kila mmoja.

Mkufunzi: Nani amesema kila mmoja? Swali liulizwe kwa wote, mwalimu asubiri, kisha ndipo amtaje mmoja kwa jina. Jina likitangulia swali, waliobaki hupumzika. Likifuata, kila mmoja hulazimika kufikiri, kwa kuwa hajui zamu itamwangukia nani. Na swali lenyewe liwe lile ambalo asiyeelewa hawezi kulijibu kwa kubahatisha: atunge sentensi mbili juu ya nyumbani kwao, moja ya "since" na moja ya "for", aandike kwa dakika mbili huku mwalimu akipita kwenye madawati ya nyuma. Akitaka kueleza sababu kwa Kiswahili, aachwe aeleze, kwani kinachopimwa hapo ni kama tofauti imemwingia.

Mwanachuo: Darasa litakuwa kimya, na mtathmini kutoka chuoni akilikuta hivyo atapunguza alama za ushiriki.

Mkufunzi: Alama! Anayefundisha kwa ajili ya mgeni wa siku moja anawadhulumu watoto wa mwaka mzima. Tena mtathmini anayeijua kazi hadanganywi na kelele. Huenda moja kwa moja kwenye daftari la mtoto wa dawati la mwisho.

Mwanachuo: Basi kwenye sehemu ya tathmini ya andalio iandikwe nini?

Mkufunzi: Hiyo sentensi ya "wanafunzi wengi wameelewa somo" ifutwe. Madaftari yasomwe yote usiku huu, iandikwe ni wanafunzi wangapi wameweka "since" mahali pa "for", na zichaguliwe sentensi tatu kati ya hizo zilizokosewa, bila majina, ziandikwe ubaoni kesho kabla ya kufungua mada nyingine.